Bado Kidogo, Daktari

Kama Sista Mkuu angekuwa mwongo wa kuzaliwa, mambo haya yasingemkosesha raha hata siku moja. Taabu ni kwamba hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa haki, mkali kwa uchafu na mpole kwa wagonjwa, asiyeondoka na hata kipande cha sabuni ya hospitali kwenda nacho kwake. Wodi ya wanaume alikuwa ameiongoza miaka kumi na miwili, na wagonjwa walimwita Mama Funguo kwa kuwa alisikika kabla hajaonekana. Mtu wa namna hiyo akisema neno, watu hulishika. Na neno alilolisema kuhusu Dereva, mwezi baada ya mwezi, lilikuwa fupi tu: "Bado kidogo."

Dereva aliletwa na kaka yake na polisi wawili, mikono imefungwa kwa kamba. Alikuwa akiendesha lori la safari ndefu, na hakuwa amefumba jicho kwa siku tisa. Siku ya tisa alilisimamisha lori katikati ya daraja, injini ikinguruma, akashuka na kuanza kuwapitia watu waliokwama nyuma yake, gari kwa gari, akiwaomba radhi kwamba dunia imefika mwisho na yeye hakupewa taarifa mapema. Wiki za kwanza wodini alikuwa mgonjwa hasa, wala tusimpambe. Lakini dawa zilimkubali. Kufika mwezi wa nne alikuwa anatandika kitanda chake mwenyewe, ananyoa ndevu, anamuulizia mkewe na mtoto, na darajani pake anapacheka kuliko mtu yeyote. "Ile foleni niliyoisababisha," alikuwa akisema, "wengine hawajafika kwao mpaka leo."

Angetoka mwezi huo wa nne. Kilichomzuia ni jambo jema alilolifanya, na hapo ndipo roho inapouma.

Lazima mjue wodi ile ilivyokuwa. Wagonjwa arobaini na mmoja, wauguzi wawili kwa zamu, na mwisho wa ukumbi chumba cha kufungiwa: sakafu tupu, godoro moja, mlango wenye tundu la kuchungulia. Hakikukaa bila mtu siku mbili. Msaidizi wa Sista Mkuu, mwanamume mnene mwenye moyo mzuri na mkono mwepesi, aliitwa Bwana Sindano, na jina hilo hakupewa kwa kubahatisha. Mwaka huo huo muuguzi mmoja alikuwa ameng'olewa meno mawili, na mgonjwa mmoja alivunjika mkono akiburutwa kwenda kufungiwa. Sista Mkuu alikuwa akienda kazini roho mkononi. Kila asubuhi alipofungua mlango wa wodi alitega sikio kwanza.

Basi siku hiyo Profesa alichafukwa. Huyu alikuwa mzee mwembamba aliyewahi kufundisha hesabu, mtu wa kuomba samahani hata akikohoa. Alivunja mguu wa kiti, akapanda juu ya meza ya chakula, akatangaza kwamba atakayemsogelea atampasua kichwa. Bwana Sindano alikwisha kuvuta dawa ndani ya sindano. Wagonjwa wenye nguvu walikwisha kuitwa waje wamkamate. Dereva akapita katikati yao taratibu, akaketi kwenye benchi pale kando ya meza, akanyoosha mikono mbele na kushika usukani usiokuwepo.

"Profesa, mimi naondoka," alisema. "Unapanda au unabaki?"

Profesa akamtazama kwa jicho la pembe. "Unakwenda wapi?"

"Popote. Gari tupu, sina mzigo."

"Mimi nataka kwetu."

"Twende. Lakini njia ya kwenu siijui, itabidi unielekeze."

 Profesa alishuka mezani, akaketi kando ya Dereva, akaambiwa afunge mkanda, akafunga. Wakaondoka. Walipanda mlima kwa gia ya kwanza, wakasimama kwenye mizani, wakasubiri ng'ombe wamalize kuvuka barabara, na Dereva akawapigia honi kwa mdomo mpaka mgonjwa mmoja akacheka. Profesa alielekeza: hapa kata kushoto, hapa kuna shimo, hapa ndipo shule yetu ilipokuwa. Ilipita karibu saa nzima. Walipofika kwao alikuwa analia bila sauti, na mguu wa kiti ulikuwa umelala sakafuni, hakuna aliyeona ulianguka saa ngapi. Dawa ya Bwana Sindano ilimwagwa.

Ijumaa ya wiki ile daktari alipita wodini kama kawaida yake ya kila mwezi, faili moja baada ya jingine. Alipofika kwenye la Dereva alitabasamu. "Huyu naona amekaa sawa. Tumtoe, Sista?"

Sista Mkuu alitazama dirishani. Pale benchini Dereva alikuwa safarini na mgonjwa mwingine, aliyeletwa jana yake akiwa anawauma watu. Sasa alikuwa anauliza kama kuna mahali pa kununua maji njiani.

"Bado kidogo, daktari," alisema. "Usingizi wake haujatulia."

Na kweli haukuwa umetulia. Karatasi ya usingizi, ile inayojazwa na wauguzi wa usiku, ilionyesha kwamba wiki hiyo Dereva hakulala siku mbili. Kwa mtu aliyepotewa na akili baada ya siku tisa za kukesha, daktari gani angedharau jambo hilo? Akaandika: abaki mwezi mmoja, aangaliwe. Kwa nini Dereva hakulala, hakuna aliyeuliza. Hakulala kwa sababu wauguzi walimtoa kitandani, mara ya kwanza kwa ajili ya Profesa, aliyechafukwa tena usiku, mara ya pili kwa ajili ya yule wa kuuma watu.

Nataka kumtendea haki Sista Mkuu: mara ile ya kwanza mambo hayo mawili hakuyaunganisha. Mara ya pili aliyaona yamekaa jirani, akageuza uso. Mara ya tatu alitoa agizo mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba kukizuka fujo usiku Dereva aamshwe kabla ya kitu kingine chochote. Na Ijumaa iliyofuata akamwambia daktari, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba mgonjwa bado halali vizuri.

Wodi ikatulia. Ilitulia mpaka watu wa wodi nyingine wakawa wanakuja kuchungulia. Chumba cha kufungiwa kikageuzwa stoo ya magodoro. Mganga mkuu wa hospitali alianza kuleta wageni, akiwatembeza ukumbini kama mtu anayeonyesha nyumba yake mpya, na Sista Mkuu akatakiwa kuandika taarifa ya namna mafanikio yalivyopatikana. Aliandika kwamba wodi imeboresha mawasiliano kati ya watumishi na wagonjwa. Mawasiliano! Mawasiliano yenyewe yalikuwa yamevaa kandambili na yanalala kitanda namba kumi na saba. Bwana Sindano aliisoma taarifa ile, akakuna kidevu. "Sista," alisema, "huyu bwana akitoka, na mimi naomba uhamisho." Wakacheka wote wawili. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi kwenye lile benchi na kumwambia Dereva, hebu nifundishe.

Dereva mwenyewe hakulalamika. Kila mwisho wa mwezi alimuuliza Sista Mkuu, "Vipi, nimepita?" kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Akiambiwa bado kidogo, alitikisa kichwa na kusema basi ngoja nijitahidi zaidi. Na mtu akijitahidi zaidi, ndugu zangu, huwa anafanya nini? Anasaidia zaidi. Alikuwa anajichimbia shimo mwenyewe.

Mkewe alikuja kila Alhamisi. Alikuwa msusi, mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu, na alikuja na mashati yaliyopigwa pasi na binti yao wa miaka minne, ambaye alipanda benchi na kudai apelekwe baharini. Wagonjwa walikaa kando wawapishe. Alhamisi zile Dereva alikuwa akinyoa mara mbili.

Ulipotimia mwaka mmoja na nusu tangu aletwe, mke huyo alikuja siku ambayo haikuwa Alhamisi, na alikuja bila mtoto. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Sista Mkuu, akabaki amesimama mpaka alipoambiwa mara mbili aketi.

"Sista, leo sikuja kumwona yeye," alisema. "Nimekuja kwako."

"Karibu, mdogo wangu. Kuna nini?"

"Ndugu zangu wamenikalia kikao. Wanasema mtu aliyekaa hospitali ya wagonjwa wa akili muda wote huu hatoki mzima, akitoka atarudi. Dada yangu amenipatia kazi kule kwake, saluni kubwa, nyumba ya kukaa ipo, shule ya mtoto ipo. Ni mbali, safari ya siku mbili. Wanataka nijibu wiki hii." Alivisugua vidole vyake. "Mimi nikimtazama mume wangu namwona mzima. Lakini mimi kazi yangu ni nywele. Kila mwezi mnasema bado, nami nimeanza kuyatilia shaka macho yangu. Nimewaambia ndugu zangu, nitamuuliza Mama Funguo, huyo hana sababu ya kunificha. Ukiniambia anatoka mwezi ujao, siendi popote. Ukiniambia hapana, basi. Neno lako nitalishika."

 Jibu Sista Mkuu alikuwa nalo, lilikuwa tayari mdomoni. Lakini wakaguzi wa ubora na usalama wa huduma walikuwa wanakuja baada ya wiki tatu, na Jumatatu ile alikuwa ameletwa mgonjwa mmoja jitu la mtu, aliyepewa jina la Tingatinga siku hiyo hiyo kwa kung'oa mlango wa choo. Kupitia ukuta mwembamba wa ofisi sauti ya Dereva ilikuwa inasikika, pole na ndefu: "Haya, ndugu yangu, tunashuka mteremko, tukanyage breki kidogo kidogo." Sista Mkuu aliwaza juu ya meno yale mawili. Aliwaza juu ya mkono uliovunjika. Aliwaza mwezi mmoja tu, wakaguzi wapite, halafu nitamtoa, nakula kiapo nitamtoa.

"Bado kidogo, mdogo wangu," alisema. "Vuta subira."

"Kidogo kiasi gani?"

"Tarehe siwezi kukupa."

Mke wa Dereva alitikisa kichwa taratibu, akainuka. Aliushika mkono wa Sista Mkuu kwa mikono yake yote miwili. "Asante, Sista," alisema. "Wewe angalau hunidanganyi."

Alipoondoka, Sista Mkuu aliketi na kuwatazama wagonjwa wake dirishani kwa muda mrefu. Angeweza kumkimbilia. Kutoka ofisini hadi getini si mbali, na yule mwanamke alikuwa anatembea polepole. Hili ndilo aliloliwaza baadaye kuliko yote: kwamba alikuwa anatembea polepole.

Wakaguzi walikuja kama walivyoahidi. Mkuu wao alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na tangu mwanzo aliwavuruga watu. Chai iliyoandaliwa ofisini hakuitaka. Hotuba ya mganga mkuu aliisikiliza nusu. Alikwenda ukumbini akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akakaa hapo kutwa nzima, hasemi kitu, anatazama tu. Mchana Tingatinga alipandisha mori, akaanza kupiga ukuta kwa kichwa. Mkaguzi aliona nani aliitwa. Aliona pia Bwana Sindano akisimama pembeni, mikono nyuma, anasubiri safari iishe.

Saa tisa alasiri aliingia ofisini na kufunga mlango. "Sista, nimezunguka wodi nyingi," alisema. "Utulivu kama huu sijauona. Nataka kujua unatoka wapi."

"Tumeboresha mawasiliano, mama."

"Naomba kitabu cha matukio. Na karatasi za usingizi za kitanda namba kumi na saba."

Akavilaza mezani, kimoja kulia, kingine kushoto, akavaa miwani. Alisoma kwa sauti ya kawaida kabisa, kidole kikitoka huku kwenda kule. "Tarehe sita, mgonjwa mpya alipiga kelele usiku, alitulizwa. Tarehe sita, namba kumi na saba hakulala. Tarehe kumi na moja, wagonjwa wawili walipigana, walitulizwa. Tarehe kumi na moja, namba kumi na saba hakulala. Tarehe kumi na nne..." Aliendelea hivyo miezi mitatu, hakuruka hata siku moja. Sista Mkuu alibaki amesimama. 

"Huyu mtu haumwi, Sista," mkaguzi alisema mwishoni. "Huyu mnamwamsha."

"Tuko wawili kwa watu arobaini, mama."

"Najua. Na hilo nitaliandika, tena kwa herufi kubwa. Lakini mtu wa tatu mliyejipatia mmempata kwa kumnyima nyumba yake. Mnamkosesha usingizi mtu aliyeugua kwa kukosa usingizi. Siku akianguka tena, nani atakuja kumtuliza yeye? Umemfundisha nani?"

 Sista Mkuu hakuwa amemfundisha mtu. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Na juu ya aibu kulikuwa na kitu kizito zaidi, maana alikumbuka vidole virefu vilivyoushika mkono wake, akahesabu siku, akajua kwamba wiki tatu ni nyingi.

Dereva aliruhusiwa Ijumaa hiyo. Alipoambiwa amepita, alimkumbatia Bwana Sindano mpaka akamnyanyua, na unene wake wote. Aliwaaga wagonjwa kitanda kwa kitanda. Alhamisi mbili mkewe hakuja, naye alijisemea kwamba kazi imemzidi; hakupiga simu nyumbani. Alitaka mkewe afungue mlango amkute.

Jumanne asubuhi Sista Mkuu alimkuta nje ya mlango wa wodi. Alikuwa amevaa shati la pasi na kushika mfuko mdogo wa safari. Sista Mkuu aliwaza, ameanguka tena. Lakini Dereva alikuwa mzima. Alikuwa tu mtu aliyelia sana na kumaliza.

"Nilikuta wapangaji wengine, Sista," alisema. "Walikuwa na siku ya tatu tangu wahamie. Nikampigia simu mke wangu. Hakulia, wala hakunigombeza. Alisema alikuuliza wewe."

"Aliniuliza."

"Ukamwambia bado."

"Nilimwambia bado."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kujifichia nyuma yake. Wauguzi wawili, wagonjwa arobaini na mmoja, daktari ndiye mwenye sahihi. Sista Mkuu aliyaacha yote. "Nilikuwa najua," alisema. "Nisamehe, Dereva. Nilikuwa nakuhitaji, nikakuita mgonjwa."

Dereva hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliomba kitu kimoja: barua. "Ya ruhusa ninayo," alisema, "inasema mmenitoa Ijumaa. Hiyo hainisaidii. Mke wangu anajua kuhesabu, ataona nilipona wiki mbili baada ya kuondoka kwake. Niandikie nilipona lini."

Wakaingia ofisini. Sista Mkuu alichukua karatasi yenye nembo ya hospitali na kuanza kuandika. Alijua barua ile ikifika kwa mtu mwenye hasira na wakili, yeye kazi hana. Alipofika kwenye tarehe aliiandika, mwezi wa nne tangu alazwe, na chini yake akaandika kwamba muda wote uliofuata alizuiliwa kwa kosa la aliyetia sahihi hapa. Akatia sahihi, na jina lake kamili, jina ambalo wodini hakuna aliyelijua.

Ukumbini Tingatinga alianza kupiga ukuta. Sauti ya Bwana Sindano ilisikika ikisema, "Haya, ndugu, twende, mimi ndiye dereva leo," na ikapotea kwenye kelele. Dereva aligeuza kichwa upande ule, akasikiliza kwa muda, kisha akairudia barua. Aliisoma yote polepole, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati.

Mlangoni alisimama.

"Kwangu palikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, Sista," alisema. "Ungeniomba tu. Ningekuja kila asubuhi, na jioni ningerudi kwa mke wangu."

Kisha akaondoka kwa haraka, maana basi la kwenda kule aliko mkewe lilikuwa linaondoka saa nne.